Mtungi wa gesi Mwanza: hesabu mawakala kabla ya bei

Msomaji wa Nyegezi kaniandikia kwa hasira. Alichukua mtungi wa ofa, gesi ikaisha, akakuta wakala pekee wa kampuni ile mtaani kwao kafunga duka. Wengine wote wanamjibu, "Dada, huo hatuupokei." Karudi kwenye mkaa.

Rangi na uimara wa jiko naviacha. Gesi yenyewe ni ileile, propani na butani. Unachonunua hasa ni sehemu za kubadilishia mtungi ukiisha saa mbili usiku, maharage yakiwa nusu. Muuza duka anaweka mitungi ambayo majirani wanayo; mpangaji mpya ananunua anayoiona dukani. Ndiyo maana kampuni ndogo inapata tabu hata ikishusha bei.

Kitu ambacho watu hawakiulizi ni regyuleta, kile kifaa kinachounganisha mtungi na mpira wa jiko. Uliza kabla hujatoa hela: inaingia mtungi wa kampuni gani nyingine? Ya milimita 20 haishiki vali (mdomo wa mtungi) ya milimita 22, na ukilazimisha gesi itavuja. Kuhama kampuni kunaweza kukudai mtungi mpya na regyuleta mpya. Kampuni zinalijua hilo, ndiyo maana ule mtungi wa kwanza zinakulegezea bei. Kenya mwaka 2009 ililazimisha vali ya aina moja na kampuni kupokea mitungi ya wenzao. Kanuni za hukohuko za 2019 zikaondoa ulazima wa kupokeana.

Orodha yangu:

1. Oryx, kilo 15. Ndiyo, napendelea, na sioni aibu. Nikishuka miambani Mabatini naipata bila kupanda daladala.

2. Taifa Gas. Ikiwa ndiyo imejaa mtaani kwako, ipandishe namba moja.

3. Lake Gas. Hesabu kwanza mawakala unaowafikia kwa miguu. Wa Ukerewe, aulize Nansio, asiulize Kirumba.

Za bei chee: mpaka uone maduka matatu yanayozipokea.

Halafu hawa wauzaji! Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, lakini ukiomba mtungi upimwe unaambiwa mizani imeharibika. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye chuma chake; toa huo kwenye uzito wote, kinachobaki ndiyo gesi yako. Mmoja aliniongezea hela ya "kupandisha mlima", na mtungi nilibebewa na mwanangu.