Framework Laptop 13: RAM na SSD kwa mnunuzi wa Tabora

Laptopu hii huuzwa kwa namna mbili: iliyokamilika, na ya kujiungia mwenyewe, isiyo na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), SSD (hifadhi ya mafaili) wala Windows. Aliye Tabora achukue ya pili. RAM na SSD zake ni za kawaida, za kuagiza Kariakoo zikaja na basi.

Kabla ya kulipa, uliza madabodi (ubao mkuu wa ndani) ni ya prosesa gani. Yenye Intel ya kizazi cha 11 hadi 13 hutumia RAM ya aina ya DDR4, kasi ya 3200. Ya Ryzen 7040, prosesa ya AMD, hutaka aina mpya zaidi, DDR5 ya 5600. Hazibadilishani: mkato wa kwenye meno umekaa mahali tofauti, na anayelazimisha huvunja sloti. Kwa mazingira yetu Intel hizo za zamani ndizo zenye akili, maana DDR4 unaweza kuing'oa hata kwenye laptopu ya Dell au HP iliyokufa kwa fundi.

Sloti ziko mbili. Vipande viwili vya GB 8 huchangamsha picha kuliko kimoja cha 16, kwa sababu grafiki ya ndani hukopa RAM hiyo hiyo. Ila ukijua utataka 32 baadaye, anza na kimoja cha 16.

SSD ni moja tu, M.2 ya 2280 (hilo ni umbo na ukubwa wake), nayo lazima iwe NVMe, yaani aina ya mawasiliano inayotumia; SATA ni aina nyingine, ya zamani. Wengi huumia hapa: M.2 ya SATA huingia vizuri, skrubu ikakaa, halafu mashine haiioni. Soma lebo, usiamini umbo.

Kufungua ni kwepesi. Zima kabisa, chomoa chaja, legeza skrubu 5 za chini kwa bisibisi iliyokuja nayo (hazidondoki), igeuze, kisha nyanyua kibodi polepole. Ukiivuta kwa pupa utakata waya bapa ulio chini yake. RAM huingia kwa mshazari, halafu unaikandamiza mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Kwa DDR5, kioo kinaweza kubaki cheusi dakika kadhaa mara ya kwanza. Usizime, inapima RAM. Na kazi hii isifanyike barazani wakati wa kiangazi. Vumbi letu mnalijua.

Kadi za hifadhi za Framework za GB 250 na TB 1, zinazochomekwa ubavuni mwa laptopu, zinafaa kubebea mafaili, ila hupata joto, kwa hiyo Windows ikae ndani. Anayetaka SSD mbili za ndani atafute Framework Laptop 16.

Siku ukibadilisha SSD, ile utakayoitoa itie kwenye kasha la USB uitumie kama flashi, lakini kasha liwe la NVMe. La SATA halitaisoma.