Faiba ya salfidi ya aseniki kwa infraredi ya kati: nunua hii kabla ya selenidi, na ulinde mdomo wake

Faiba za kioo cha kalkojenidi (kioo chenye salfa au seleniamu badala ya oksijeni) huuzwa kwa mita, kwa bei iliyo mbali kabisa na ya faiba ya simu, kwa hiyo kosa la kuchagua lina gharama. Mnunuzi hukuta aina kuu mbili: salfidi ya aseniki, As2S3, na selenidi ya aseniki, As2Se3. Kwa maabara inayotaka kuzalisha mwanga mpana, wenye mawimbi ya urefu mwingi kwa pamoja, unaovuka urefu wa wimbi wa mikromita 5 kwa kutumia leza ya faiba, salfidi ndiyo ya kuanza nayo.

Ukisoma karatasi ya muuzaji peke yake utaona kinyume. Silika, kioo cha faiba ya simu, huanza kufyonza mwanga wote baada ya mikromita 2.4 hivi, kioo cha floridi kiitwacho ZBLAN hukufikisha kama 4.5, salfidi hupitisha hadi 6.5, na selenidi hufika 10. Nani asiikimbilie selenidi? Tatizo ni mtawanyiko, yaani tofauti ya mwendo kati ya mawimbi ya urefu tofauti ndani ya kioo. Katika kioo cha As2Se3 mtawanyiko hufika sifuri baada ya mikromita 7. Katika As2S3 ni karibu na 5. Mpigo wa leza wa mikromita 2 ukitiwa kwenye selenidi uko mbali mno na sehemu hiyo, na mwanga hausogei mbele kuelekea mawimbi marefu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark na wenzao walipata mwanga wa mikromita 1.4 hadi 13.3 katika milimita 85 tu za faiba ya selenidi, lakini waliisukuma kwa mipigo ya femtosekunde 100 (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya nanosekunde) kwenye mikromita 6.3. Mtambo wa kutoa mipigo ya namna hiyo hujaza meza nzima.

Njia ya wengi ni ya ngazi: mipigo ya mikromita 1.55, silika, kikuzaji cha thuliamu (faiba yenye elementi ya thuliamu inayoongeza nguvu ya mwanga), ZBLAN, kisha salfidi, na selenidi mwisho. Kwa ngazi hiyo Chuo Kikuu cha Michigan kilivuka mikromita 11 mwaka 2018, kwa wastani wa miliwati 417. Salfidi ndiyo daraja lenyewe. Ukiiruka, selenidi hupokea mwanga usiofika inakoweza kuufanyia kazi.

Kabla ya kulipa, omba mchoro wa upotevu wa kipande utakachopewa, si wa bidhaa kwa jumla, kisha tazama mikromita 4.0. Hapo ndipo hidrojeni iliyoshikana na salfa hufyonza mwanga, na ndipo inapofika nguvu ya mawimbi marefu inayotoka ZBLAN. Kilele kirefu hapo ni sababu tosha ya kukataa mzigo. Katika selenidi kilele kama hicho huwa karibu na 4.5. Kuhusu urefu, mita chache zinatosha kwa mipigo ya nanosekunde, na kwa femtosekunde ni sentimita. Kuongeza mita ni kuongeza upotevu.

Udhaifu mkubwa uko mdomoni, yaani kwenye ncha ya faiba. Kioo hiki hupinda mwanga kwa nguvu, kipimo chake ni 2.4, hivyo kila uso unaogusa hewa hurudisha asilimia 17. Nyuso mbili zikishatoza, inabaki asilimia 69 hata kabla faiba yenyewe haijafyonza chochote. Mwanga unaorudi unaweza kuua kikuzaji chako. Kata uso kwa mshazari wa digrii chache. Ukigusanisha ZBLAN na salfidi moja kwa moja bila mwanya wa hewa, hasara ya uso hushuka hadi kama asilimia 5, na ndiyo sababu tunapendelea njia hiyo kuliko lenzi. Usijaribu kuziunga kwa cheche za umeme kama silika: salfidi hulainika chini kidogo ya nyuzi 200, muda mrefu kabla ya ZBLAN kuwa tayari.

Joto hilohilo ndilo huunguza mdomo. Punje moja ya vumbi kwenye kiini, sehemu ya kati inayobeba mwanga, hufyonza mwanga, kioo huyeyuka, na kipande kinakatwa upya. Lenga kwa nguvu ndogo, hakikisha mwanga uko kwenye kiini na si kwenye ganda linalokizunguka, ndipo upandishe polepole. Mwanga wa gandani hudanganya mita ya nguvu. Paka metali ya galiamu iliyoyeyuka juu ya ganda tupu, itauondoa. Koti la plastiki lilainishe kwa kiyeyushi, kwani kisu cha kumenyea faiba ya silika huivunja hii. Epuka sabuni za alkali na amini (kemikali za jamii ya amonia), maana hula As2S3. Unapokata, punguza mvuto kuliko wa silika.

Katika kupima, weka kichujio cha kuzuia mawimbi mafupi mbele ya spektromita, kifaa kinachopima urefu wa mawimbi ya mwanga. Bila hicho, mwanga wa mikromita 2.5 huonekana tena kwenye 5, na watu hushangilia upana ambao haupo. Shimo kwenye 4.26 ni kaboni dioksidi ya hewani, si kasoro ya faiba. Pitisha nitrojeni kavu uone likiondoka.

Vipande vilivyokatika vina aseniki. Vikusanye kwenye chupa yenye kifuniko, na glovu zibaki mkononi hadi meza ifutwe.