Gereji ya Malindi iliyonifungia klipu ya cheni kinyume

Hasira hii ninayo tangu kaskazi ilipoanza kuvuma na hadi leo haijapoa. Kuna gereji hapa Malindi mjini, jina silitaji, inayojitangaza kwamba inajua pikipiki kubwa za safari. Mimi nina Honda CRF250L. Niliipeleka wanibadilishie tairi la nyuma na kunifungia cheni mpya, basi.

Cheni nilikuja nayo mwenyewe. Niliiagiza Nairobi ikaletwa na basi, maana madukani hapa zimejaa za saizi 428, za boda boda, na yangu inataka saizi 520. Pingili za 520 ni ndefu zaidi, kwa hiyo ikikatika porini hata waendesha boda mia wakusimamie, kiungo cha cheni ya Boxer, pikipiki yao ya boda, hakitaingia kwenye yako. Hilo nilimweleza bosi wa gereji mbele ya fundi wake. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Tairi, haki ya Mungu, walilivalisha vizuri. Kijana wa spana alipaka sabuni ukingoni, akaingiza tyubu taratibu bila kuibana, akageuza gurudumu kuona kama limekaa sawa. Nilimsifu papo hapo na sifa hiyo siiondoi. Lakini cheni aliifunga bosi mwenyewe, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kosa la kwanza, aliikaza kama ya boda. Pikipiki hizi shoki yake ya nyuma hushuka sana. Ukikaa juu na mzigo ukafungwa, mkono unaoshika gurudumu la nyuma unapanda na cheni inazidi kujivuta. Cheni iliyokazwa ikiwa juu ya stendi, bila mtu, ikifika kwenye shimo haina tena pa kulegea. Inavuta beringi, inavuta sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalozungusha cheni, inavuta kile kiungo cha kufungia, kinachounganisha ncha mbili za cheni na kushikiliwa na klipu. Kitabu cha pikipiki kinasema iachwe icheze kiasi gani, na ukurasa huo nilimwonyesha. Akaniambia vitabu ni vya Wazungu.

La pili ndilo linalonichoma. Nilipoichukua nikatoka safari na rafiki yangu. Tulipofika Mambrui tukasimama kunywa madafu, naye akapiga picha pikipiki yangu kwa upande wa kushoto. Sikuwa na habari ya klipu wakati huo. Baadaye nikaikuza ile picha kwenye simu: kiungo kiko juu ya sproketi ya nyuma, na klipu inaonekana wazi. Klipu ile imekaa kama samaki, kichwa kimeziba na mkia uko wazi, na kichwa ndicho kinachotakiwa kutangulia cheni inakoelekea. Pale juu ya sproketi cheni inaelekea mbele. Kwenye picha, mkia ndio uliotazama mbele! Klipu ikikaa hivyo, ikigongwa mkiani na jiwe au kijiti, inachomoka.

Ikachomoka kweli. Tulishapita Marikebuni, tuko kwenye njia ya vumbi nyuma ya Marafa, nikasikia mlio kama wa risasi na pikipiki ikakosa nguvu. Kifuniko cha sproketi ya mbele kilipasuka vipande viwili, na kasha la injini likabaki na mkwaruzo ambao nikipitisha kidole nausikia. Cheni ingejikunja pale ndani ingetoboa kasha lenyewe, na oili yote ingemwagika mchangani. Na kama ingekatika pale daraja la Sabaki, malori ya chumvi ya Gongoni yakiwa nyuma yangu? Sitaki kuliwaza.

Watu wa Marafa walinisaidia kwa moyo. Mzee mmoja alinipa kivuli na maji, vijana wakatafuta klipu kwenye vumbi mpaka jua likakaribia kuzama, bila kuipata. Tukapakia pikipiki kwenye pikapu ya mtu anayeshuka mjini na magunia ya mihogo. Hakunitoza hata nusu ya nilichotarajia.

Kesho yake nikaenda gereji. Nikatoa salamu. Bosi hakuitika. Nikarudia, "Assalamu alaykum, mzee." Akaendelea kuchezea simu. Nimezaliwa pwani, na sijapata kuona mtu mzima akinyamazia salamu ya mteja aliyesimama mlangoni kwake. Nilipomwonyesha ile picha alisema haionyeshi kitu. Kisha akaongeza, mbele ya watu: "Pikipiki za maringo hizi. Mnazipeleka kwenye mawe halafu mnakuja kutusumbua." Kwani CRF imetengenezwa iende wapi kama si kwenye mawe?

Nilikuja hapa nikiwa na nia ya kusema gereji ile ni mbaya kabisa, msikanyage. Nikikumbuka lile tairi naona si haki, kwa sababu mpaka leo halijapoteza upepo. Lakini nikikumbuka ile salamu, hapana, msikanyage. Mtu aliyekosea klipu anaweza kufundishwa kwa dakika mbili. Mtu anayeona mteja aliyenusurika ni kero, huyo utamfundisha nini?

Cheni nyingine nimeshafunga, safari hii nimechagua kiungo cha kugongewa ripiti, yaani pini zake hupondwa vichwa zisitoke, badala ya klipu, na ile mipira midogo ya kiungo inayozuia grisi isitoke imewekwa yote minne na grisi yake. Kazi aliifanya yule yule kijana wa spana, Ijumaa baada ya swala, uani kwangu, kwa vifaa vya kuazima. Akaniomba nikae juu ya pikipiki kwanza ndipo akapima cheni inavyocheza, bila mimi kumwambia. Siku akifungua kibanda chake mwenyewe nitaandika jina lake hapa kwa herufi kubwa. Bosi wake bado ana deni langu la cheni na la kifuniko, na nitaendelea kulidai.