Chenga za makaa ya kuni au samadi kwenye udongo wenye DDT ya zamani?

Ukilima palipokuwa na stoo ya viuatilifu Dodoma, DDT, dawa ya zamani ya kuua wadudu, haijaondoka. Haipendi maji, hujishika kwenye mboji, kisha miaka inavyopita huzama ndani ya vitundu vidogo visivyofikika kirahisi na mizizi wala minyoo. Tatizo ni kwamba udongo wetu mwekundu wa kichanga una mboji kidogo, kwa hiyo hauna cha kuishikia; ndiyo maana tunaongeza makaa au samadi.

Kwa nguvu ya kushika, makaa yanashinda kwa mbali. Changanya kilo 5 hadi 6 kwa mita moja ya mraba, kina cha sentimita 20, yaani karibu asilimia 2 ya uzito wa udongo. Ponda hadi chembe zisizidi milimita 2, na nyunyizia maji kwanza, vumbi lisiingie kifuani. Vipande vikubwa hushika polepole mno. Jivu si mbadala: linapandisha magadi tu.

Samadi iliyoiva hupatikana rahisi kwa wafugaji na hulisha mimea, jambo ambalo makaa hayafanyi. Lakini kwa joto letu huoza upesi, na mboji inayoyeyuka inaweza kubeba DDT kwenda chini. Utairudia kila msimu. Makaa hukaa miaka mingi.

Kwa mchicha kwenye udongo uliochoka, changanya vyote viwili. Penye kuku wanaodonoa ardhini, hakuna kinachotosha: weka uzio wasifike hapo, maana DDT huishia kwenye mayai. Ukipima udongo, maabara bado itakuta kiasi kilekile cha DDT, kwa sababu vimumunyisho vyake vikali (kemikali za kuyeyushia) huing'oa hata iliyoshikwa.