Kutolewa upepo wa breki Moshi: fundi kanichefua, kazi nimeimalizia nyumbani

Nilipeleka pikipiki kwa fundi atoe upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, na kilichonikera kuliko vyote ni ile chupa ya maji. Fundi kafungua kikopo cha mafuta ya breki pale kwenye usukani, mfuniko umeandikwa DOT 4, yaani daraja la mafuta yanayotakiwa, na maandishi yanasomeka vizuri tu, halafu kachomoa chini ya benchi chupa ya maji ya nusu lita. Haina kizibo, imezibwa kwa kipande cha nailoni, ndani kuna kitu cha rangi ya chai. Nikamuuliza kwa heshima, "Samahani fundi, hayo ni mafuta gani?"

"Ya breki."

"Ya breki DOT ngapi?"

Hapo ndipo akanigeukia. "Dada, fundi ni mimi au ni wewe? Kama unajua, shika spana." Vijana wa boda waliokuwa kijiweni wakaangua kicheko.

Kucheka wacheke. Mimi naishi Kibosho, na asubuhi nashuka mjini na mtoto nyuma. Anayeujua ule mteremko anajua vidole vinakaa kwenye breki muda gani. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 yananyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana yanauzwa kwenye kopo lililofungwa. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji, kiwango kinaweza kushuka mpaka 155. Ikichemkia ndani ya kalipa, ile inayobana diski ya tairi, inatoa mvuke, na mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Unavuta breki mpaka mwisho na pikipiki inaenda tu. Sasa mafuta ya chupa isiyo na kizibo, kijiwe hakina hata ukuta, na masika ndiyo kwanza yamepamba moto!

Akapampu, akalegeza nati ya kutolea upepo, akakaza, akasema tayari, lete hela. Nikavuta mkono wa breki: unabonyea kama ndizi mbivu, karibu uguse mpini. Nikamwambia bado kuna upepo. Akanijibu huku anafuta mikono, "Breki za diski ndivyo zilivyo, utazoea."

Utazoea! Mpaka naandika hapa damu inanichemka.

Sitaki kumwonea. Huyu ndiye aliyenifungia injini mwaka juzi na mpaka leo haijavuja hata tone, na bei zake si za kukomoa. Kwa injini bado ningempeleka ndugu yangu kwake. Ila siku hiyo hiyo alidondosha mafuta ya breki kwenye tanki akayafuta na tambara kavu, wakati dawa yake ni kuyamwagia maji palepale, maana yanakula rangi. Kufika kesho yake rangi imenyanyuka, ukiigusa kwa ukucha inabanduka. Msiniambie hajui. Anajua, hakujali tu.

Basi nikanunua kopo la DOT 4 kwenye duka la spea, likiwa limefungwa. Kwenye duka la dawa za mifugo nikapata bomba la sindano kubwa na kampira kake ka plastiki kanakoonyesha ndani. Spana namba 8 ninayo. Kwanza nikayatoa yale ya chupa yote kwa chini, huku mdogo wangu anaongezea mapya juu ili kikopo kisikauke. Yalitoka ya kahawia, na chembe nyeusi ndani. Halafu nikajaza bomba na kampira mpaka mdomoni, hewa isibaki, nikachomeka kwenye nati ya kalipa nikawa nasukuma taratibu kutoka chini kwenda juu. Upepo wenyewe hupenda kupanda, ukiulazimisha kushuka mnabishana. Mapovu yakaibuka kwenye kikopo, mdogo wangu akishangilia.

Bado mkono ulikuwa na ulegevu kidogo. Upepo uliobaki ulikuwa umejificha juu kabisa, pale bolti inapofunga mpira wa kupitisha mafuta ya breki kwenye masta silinda, ile pampu ya pale kwenye mkono wa breki. Nikageuza usukani mpaka kikopo kikawa juu kuliko vyote, nikawa nagusagusa breki bila kuivuta yote. Vipovu vidogo vikatoka kwenye kile kitundu cha chini ya kikopo, kimoja, kingine, kingine tena, mpaka vikaisha. Mkono ukakaza! Tangu niinunue pikipiki hii sijawahi kupata breki ya namna ile. Hilo bomba la mifugo nalisifia popote.

Kuhusu fundi, nilikuwa niandike mtu yeyote asiende kwake. Kwa injini nendeni. Kwa breki, nunueni kopo lenu, mwambieni alifungue mbele yenu, akikataa geuzeni pikipiki muondoke. Au hapana, nabadilisha: hata akikubali kulifungua, msimwachie. Anayemwambia mama aliyebeba mtoto kwamba atazoea breki mbovu, huyo breki asiziguse.