DAC na nyaya za sauti nyumbani: kwa mkazi wa Dodoma, kipi kinunuliwe kwanza?

Mtu ana amplifaya, ana spika mbili nzuri, TV ipo ukutani, lakini sauti haimridhishi. Akiuliza ushauri ataambiwa anunue DAC, na mwingine atamwambia tatizo ni nyaya. Vyote viwili vinaweza kusaidia, ila si kwa kiwango kimoja, na kuna pesa nyingi inapotea kwa sababu watu huanzia mwisho. Hapa nimevipanga kwa faida anayoipata mnunuzi kwa kila shilingi.

Kwanza, DAC inafanya nini? Wimbo uliomo kwenye simu, flashi au king'amuzi umehifadhiwa kama namba. Spika haitumii namba, inataka umeme unaopanda na kushuka. Kinachogeuza namba kuwa umeme huo ndicho DAC, na kila mtu anayo tayari: imo ndani ya simu, ndani ya TV, hata ndani ya sabufa yenye tundu la flashi. CD zilipoingia sokoni mwaka 1982 zilihifadhi sauti kwa namba za biti 16, vipimo (sampuli) 44,100 kila sekunde. Hiyo inatosha kubeba sauti hadi kilohezi 20, ambako sikio la kijana mwenye afya linaishia, na inaacha nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Chipu za leo, hata za bei ya chini, zinafika hapo bila shida. Sauti huharibikia kwingine: kwenye mngurumo wa umeme, waya mwembamba, spika zenyewe, na sebule.

Sebule naisema mapema kwa sababu haiuzwi dukani. Nyumba nyingi mpya za mitaa ya Kisasa au Nzuguni zina vigae sakafuni, vioo vikubwa na kuta tupu. Simama katikati upige kofi moja. Ukisikia mlio unabaki hewani, basi zulia nene na mapazia mazito yatakufaa kuliko kifaa chochote kilichomo kwenye orodha hii.

1. Waya wa spika wa shaba halisi

Hapa ndipo pa kuanzia. Waya mwembamba unaokuja bure na spika mara nyingi ni wa milimita za mraba 0.5. Ukiuvuta mita sita hadi kwenye spika, umeme unakwenda na kurudi, yaani mita 12, na ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme, unafika karibu omu 0.4. Kwa spika ya omu 4, hiyo ni kama asilimia kumi ya mzigo wote inayobaki ndani ya waya. Na kwa kuwa ukinzani wa spika hubadilika kutoka besi hadi sauti za juu, waya huo haupunguzi sauti tu, unabadilisha hata ladha yake. Umbali uleule kwa waya wa 2.5 unashuka hadi omu 0.08 hivi, na suala linaisha.

Waya huo hauhitaji kuandikwa "spika". Ingia duka la vifaa vya umeme, maeneo ya Majengo yapo mengi, uombe waya laini wa nyuzi nyingi, wa nyaya mbili, wa 1.5 kwa umbali mfupi au 2.5 kwa sebule kubwa. Unapimiwa kwa mita. Kabla ya kulipa, menya ncha kidogo na ukwangue uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba: ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, na hukatika upesi ukikunjwa. Ukigusisha sumaku ikanata, acha kabisa, ndani mna chuma.

Ukifunga, sokota nyuzi zote ziwe kitu kimoja. Uzi mmoja ukivuka kutoka nyekundu kwenda nyeusi unatosha kuunguza amplifaya. Halafu hakikisha nyekundu imekwenda kwa nyekundu kwenye spika zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, besi inakimbia na sauti ya mwimbaji inakosa mahali pa kukaa. Mtu anaweza kuhangaika na DAC mwaka mzima kumbe tatizo ni hilo tu.

2. Waya wa optiki na kisanduku cha DAC kwa ajili ya TV

TV nyingi za sasa hazina tundu zuri la kutolea sauti kwenda amplifaya ya zamani, lakini zina tundu la optiki. Waya wake hupitisha mwanga, hakuna chuma kinachounganisha vifaa viwili. Faida kubwa iko hapo.

Fikiria nyumba yenye dishi juu ya bati. Waya wa dishi unaingia kwenye king'amuzi, king'amuzi kiko kwenye TV, TV iko kwenye amplifaya, na amplifaya iko kwenye soketi yenye waya wa ardhi. Sasa mfumo unagusa ardhi sehemu mbili, kwenye dishi na kwenye soketi, na umeme mdogo unaanza kuzunguka kati yake. Spika zinanguruma, mmmm, kwa hezi 50, ambao ni mwendo wa umeme wetu, hata muziki ukisimamishwa. Kujua kama ndiyo hiyo, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mngurumo ukikoma papo hapo, umeshampata mhalifu. Watu wengine hukata pini ya ardhi ya plagi ili kuuzima. Usifanye hivyo kamwe. Pini hiyo ndiyo inayokulinda usipigwe shoti. Nunua optiki, mzunguko unakatika kwa usalama.

Kisanduku kidogo cha kugeuza optiki kuwa RCA (zile pini nyekundu na nyeupe) kinatosha kabisa, kiwe cha kampuni ya FiiO au cha jina usilolijua. Zingatia mambo mawili. Visanduku vingi vya bei ndogo vinaelewa PCM pekee, yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa, kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ya sauti ya TV uchague PCM, la sivyo utapata kimya au mkwaruzo na utadhani umeuziwa kibovu. Pia rimoti ya TV mara nyingi haitapandisha tena sauti, itabidi utumie ya amplifaya. Kama amplifaya yako ina HDMI ARC (tundu la HDMI linalopokea sauti kutoka TV) na huna mngurumo, ruka hatua hii. Waya mmoja wa HDMI unamaliza kazi.

3. Adapta ya USB-C kwenda AUX

Kwa anayesikiliza muziki wa kwenye simu isiyo na tundu la earphone. Kile kiadapta cha Apple ni kidogo, lakini kwenye vipimo kinashindana na vifaa vikubwa vya bei mara nyingi zaidi. Kasoro yake ni kwamba kwenye baadhi ya simu za Android sauti hutoka ndogo. Ijaribu na simu yako mwenyewe pale dukani, tena kwa makini, maana bandia ni nyingi. Kuna adapta nyingine ambazo hazina DAC ndani, ni waya tu, na simu nyingi hazizikubali.

4. Kipokezi cha Bluetooth

Nunua kwa sababu ya urahisi. Kwa muziki wa kawaida wakati wageni wamekaa, kinafaa. Kikiwa na LDAC, mfumo wa kubana sauti ya Bluetooth, na simu yako inayo, data hufika hadi kilobiti 990 kwa sekunde. Mfumo wa kawaida wa SBC huishia karibu 328. Kwa filamu, midomo na maneno vinaweza kupishana.

5. DAC ya mezani

Kampuni ya Topping na wenzake wanatengeneza vifaa safi sana. Ila ukiwa na sabufa, au spika za kawaida, hutaisikia tofauti hiyo. Inafaa kwa mwenye spika na amplifaya za maana, au mwenye kompyuta inayovujisha kelele kwenye tundu lake la earphone.

Unapolinganisha, tahadhari na hila moja isiyokusudiwa: DAC ya mezani hutoa volti 2, simu nyingi hutoa volti 1 au pungufu. Kwa hiyo DAC itasikika kubwa zaidi, na sikio huiita sauti kubwa "nzuri". Lazimisha zote mbili ziwe na ukubwa sawa wa sauti kwanza, kisha sikiliza kitu unachokijua vizuri. Mimi napendekeza ilimba, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, hasa rekodi za mwanamuziki Hukwe Zawose. Kitundu cha ilimba hufunikwa kwa utando wa buibui unaotetemeka, na ule mvumo mwembamba juu ya noti unajificha upesi kwenye mfumo mbovu. Baada ya hapo weka muheme, ngoma za Wagogo, usikie kama kila pigo linaanza na kukoma au yote yanaungana.

6. Nyaya za RCA na AUX za bei kubwa

Ziko mwisho. Unachohitaji ni pini zinazobana, waya wenye kinga ya matundu ya chuma, na urefu usiozidi unaotakiwa. Kwa optiki na HDMI, namba zikifika zimefika. Waya wa bei mbaya hauongezi chochote.

Kinachoharibu nyaya hapa kwetu ni vumbi la kiangazi. Pini ikianza kukwaruza ukiigusa, zima vifaa, ipanguse kwa pamba yenye spiriti, izungushe mara kadhaa ndani ya tundu lake. Tundu la optiki lisilotumika liache na kizibo chake.