TAHADHARI: Muuzaji wa "seti kamili" za kugeuza pikapu ya tu wili kuwa fo wili

Ndugu wenye pikapu za tu wili (nguvu inakwenda tairi za nyuma tu), kuna muuzaji anazunguka na tangazo la "seti kamili" ya kugeuza gari lako liwe fo wili. Picha zake zinavutia, maneno yake ni asali, na pesa anaitaka kabla hujagusa hata boliti moja. Mimi ni fundi, na pikapu zilizopita mikononi mwake zimeanza kuletwa kwangu. Simtaji jina kwa sababu majina na namba za simu anazibadilisha kama soksi. Ujanja wake ndio haubadiliki, kwa hiyo nitaueleza huo.

Ukimpigia atakuuliza aina ya gari tu. Hataki namba ya chesisi, haulizi una giaboksi gani, haulizi resho ya difu yako ya nyuma (yaani shafti inayoingia kwenye difu inazunguka mara ngapi tairi zikizunguka mara moja). Jibu lake kwa kila swali ni "inakubali tu, bosi". Mtu anayekuuzia fo wili bila kujua resho ya difu yako anakuuzia vyuma chakavu.

Kinachofika ni transfa (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu mbele na nyuma), difu ya mbele, propela ya mbele (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu hiyo), draivu shafti, habu (vifungio vinavyounganisha draivu shafti na tairi za mbele) na lever ya kuingizia fo wili. Kwa macho ni seti. Tatizo la kwanza ni giaboksi. Ile ya tu wili mkia wake umeundwa kupeleka nguvu nyuma moja kwa moja, na kwa pikapu nyingi hauna pa kufunga transfa. Unahitaji giaboksi ya fo wili inayoendana na transfa hiyo. Hilo utaambiwa gari likiwa limeshafunguliwa na haliwezi kutoka gereji. Kisha inagundulika kwamba sampu ya injini (bakuli la oili) inagongana na difu ya mbele, maana kwenye fo wili difu inakaa pale chini na sampu yake imekatwa kwa umbo jingine. Kisha propela ya nyuma ni ndefu mno, ikafupishwe na kubalansiwa. Kila hatua ina bili yake, na kila bili muuzaji anaiita "kitu kidogo tu".

Chukua Hilux za kizazi cha 1988 hadi 1997 uone jinsi "inakubali tu" inavyoweza kuwa uongo mtupu. LN85 ni tu wili, LN106 ni fo wili. Kabini karibu ni ileile, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Mbele ya LN85 kila tairi lina mikono yake na torsheni ba (chuma kinachojipinda badala ya springi). Mbele ya LN106 kuna ekseli nzima imelala juu ya springi za majani. Ukitaka kuipachika ekseli hiyo kwenye chesisi ya LN85, lazima utengeneze na kuchomelea vishikio vipya vya springi, uhamishe usukani, upange upya mipira ya breki. Hiyo ni kazi ya fundi wa chesisi mwenye vipimo. Nimekuta vishikio vimechomelewa kwa jicho, kimoja kimetangulia kingine, na gari linavuta upande mmoja barabara nzima.

Resho ndiyo inayoua kimyakimya. Tuseme difu ya nyuma ni 4.1 na ya mbele aliyokuletea ni 4.3. Ukiingiza fo wili, propela zote mbili zinazunguka kwa kasi moja, lakini tairi za mbele zinataka kwenda taratibu kuliko za nyuma. Katika kila kilomita moja, tofauti inafika karibu mita 50. Kwenye tope tairi zinateleza na tofauti inamezwa. Kwenye ardhi ngumu haina pa kwenda, inajikunja ndani ya transfa na draivu shafti mpaka kitu kikatike. Ukilalamika atasema uliendesha fo wili kwenye lami. Ni kweli fo wili ya aina hii haiingizwi kwenye lami hata ikiwa ya kiwandani, ndiyo maana kisingizio chake kinawaingia watu.

Kupima resho si kazi. Weka vigingi kwenye tairi zinazobaki chini, gia iwe huru, inua tairi moja la nyuma kwa jeki na stendi. Lizungushe mara 20 huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela: difu ya 4.1 itatoa 41, ya 4.3 itatoa 43. Rudia mbele, habu zikiwa zimefungwa na lever ikiwa kwenye tu wili. Hesabu zisipolingana, usipokee kazi. (Kama difu ni ya kuloki, inua tairi zote mbili za ekseli hiyo uzungushe mara 10.)

Na bado kuna ubaya zaidi. Pikapu moja niliyoifungua ilikuwa na lever, ilikuwa na taa ya 4WD kwenye dashibodi, na transfa ilikuwa tupu upande wa mbele. Taa ilikuwa imeungwa kwa swichi chini ya lever. Mwenyewe alikuwa akiiwasha kwa furaha kwenye lami mpaka siku alipoingia kwenye tope. Kwa gari lenye lever na habu za mkono, usiamini taa. Funga habu, ingiza fo wili, sogeza gari kidogo ishike, kisha zima, weka gia huru na vigingi, uinue tairi moja la mbele. Jaribu kulizungusha. Fo wili ikiwa imeshika, tairi litagoma. Likizunguka bila kizuizi, umeuziwa taa.

Muuzaji huyo huyo pia anauza pikapu "zilizokwisha geuzwa". Usidanganywe na gari kukaa juu. Ranger Hi-Rider, D-Max Hi-Lander na Tacoma PreRunner ni magari ya kukaa juu yaliyotoka kiwandani yakiwa tu wili. Ukibandika stika ya 4x4, nusu ya wanunuzi hawachungulii chini. Chungulia. Tafuta propela inayokwenda mbele na shafti zinazoingia kwenye tairi za mbele. Halafu soma namba ya chesisi na uilinganishe na kadi, kwa sababu gari lililosajiliwa tu wili na kukatwa chesisi linaweza kukuletea matatizo kwenye ukaguzi na kwa bima.

Kugeuza kunawezekana, sikatai. Wanaofanikiwa hununua gari zima la fo wili la kizazi kilekile, lililogongwa nyuma au kuoza bodi, na kuhamisha kila kitu pamoja na difu zote mbili. Ukipiga hesabu ya kazi hiyo, mara nyingi kuuza pikapu yako na kununua fo wili halisi ni nafuu.

Kama umeshamlipa, usimtumie nyongeza yoyote. Mwombe picha ya namba ya chesisi ya gari zilikotoka spea na picha ya kibao cha resho. Tunza ujumbe wote na risiti za malipo, uripoti polisi kabla hajabadilisha laini. Gari likiwa bado gerejini kwake, nenda ulichukue hata kwa kulivuta, na uhakikishe giaboksi yako ya zamani inarudi nalo.